Gurudumu la London na Mtu wa Butiama

Katika nchi ya Suguti, kusini ya mji wa Musoma, mtoto wa mfugaji hapandi jabali kwa mchezo. Hupanda kwa kutumwa. Juu ya jabali huonekana kundi lililotawanyika vichakani, huonekana mvua inayotoka ziwani, na mitumbwi ya wavuvi irudipo kutoka ghubani. Na zamani, tena si zamani ya mbali, lilionekana vumbi la wezi wa ng'ombe kabla wezi wenyewe hawajafika. Mimi nilikulia katika kazi hiyo. Jioni nilipofika nyumbani, babu yangu hakuniuliza kama nilishinda salama, maana hilo alikuwa akiliona mwenyewe. Aliniuliza: "Umeona nini leo?" Kijana aliyejibu kwamba hakuona kitu alihesabiwa kuwa amelala.

Nimeanza na jabali kwa sababu nataka kueleza habari za gurudumu kubwa la kutazamia lililo katika jiji la London, nami siwezi kulieleza ila kwa kulipima na jabali lile. Nilikwenda London kusoma majalada ya utawala wa Tanganyika yaliyohifadhiwa huko Kew. Siku moja ya mapumziko nikapanga mstari pamoja na wageni wa kila taifa, nikanunua tiketi ambayo bei yake ingenipatia mbuzi mzuri katika mnada wa kwetu, nikapanda.

Waingereza wameliita London Eye, ndiyo kusema Jicho la London. Limesimama ukingoni mwa mto Thames, upande wa kusini, na urefu wake ni mita 135. Lina vyumba 32 vya kioo vyenye umbo la yai. Vyumba hivyo vimepewa namba 1 mpaka 33, kwa kuwa namba 13 imerukwa kwa kuogopa nuksi. Nao ni watu wale wale ambao katika majalada niliyokuwa nikiyasoma waliandika sana juu ya ushirikina wetu. Kila chumba huchukua watu 25. Gurudumu halina kawaida ya kusimama ili kupakia abiria. Huenda polepole, kadiri ya sentimita 26 kwa sekunde, hata mzee mwenye fimbo aweza kuingia lingali linakwenda. Mzunguko mmoja ni nusu saa. Walilibuni wasanifu majengo wawili, David Marks na mkewe Julia Barfield. Tony Blair, aliyekuwa Waziri Mkuu, alilizindua tarehe 31 Desemba 1999, na wananchi wakaanza kulipanda mwezi wa Machi 2000. Liliruhusiwa kusimama pale kwa miaka michache tu. Baadaye likaachwa likae.

Waliokulia Unguja au Mombasa watasema kwamba hilo si geni, maana wanazijua pembea za sikukuu tangu utoto. Ni kweli, pembea ni pembea. Lakini gurudumu la aina hii, la chuma cha pua, lenye vyumba vya kukalia watu wengi na lililojengwa kwa ajili ya kutazama walio chini, lina nasaba yake, na nasaba hiyo imetuhusu sisi kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Gurudumu la kwanza lilijengwa Chicago, Marekani, kwa maonyesho ya dunia ya mwaka wa 1893. Wafaransa walikuwa wamejenga mnara wa Eiffel kwa maonyesho yao ya 1889, na Wamarekani wakatafuta kitu cha kuwapita. Mhandisi mmoja wa madaraja, George Washington Gale Ferris, akaleta shauri la gurudumu. Wakubwa wa maonyesho walidhani ana wazimu, kisha wakamkubalia. Gurudumu lake lilikuwa na urefu wa mita 80 hivi na mabehewa 36, na kila behewa lilichukua watu 60, jumla watu 2,160 kwa safari moja. Nauli ilikuwa senti 50 kwa mizunguko miwili. Lilifunguliwa tarehe 21 Juni 1893, na mwenye kulibuni akafa mwaka wa 1896, umri wake miaka 37.

Hayo yamo katika kila kitabu cha habari za uhandisi. Lisilotajwa sana ni mahali liliposimama. Halikuwekwa karibu na majumba meupe ya mashine na sanaa. Liliwekwa katikati ya njia ndefu ya michezo iliyopangwa "vijiji" vya watu wa mataifa mbalimbali, walioletwa wakae, wapike, wacheze ngoma na kutazamwa. Miongoni mwa vijiji hivyo kilikuwapo cha watu wa Dahomey, nchi iitwayo Benin siku hizi. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akawa msemaji mkuu wa watu weusi wa Marekani, alikuwa pale kama mwakilishi wa Haiti, naye alilalamika kwamba watu wa Dahomey wameletwa ili Mweusi aonekane mshenzi. Basi aliyelipa senti zake aliinuliwa juu ya hayo yote, akayaona kwa mtazamo mmoja: mbali majumba meupe, karibu watu weusi uani mwao. Gurudumu lilimpa mahali pa kusimama na namna ya kutazama kwa pamoja.

Gurudumu hilo hilo la Ferris lilivunjwa, likasafirishwa, likasimamishwa tena mjini St. Louis kwa maonyesho ya mwaka wa 1904. Huko aliletwa kijana wa Kongo, jina lake Ota Benga, pamoja na wenzake, awe sehemu ya maonyesho ya "watu wa asili". Mwezi wa Mei 1906 gurudumu lililipuliwa kwa baruti likauzwa kuwa chuma chakavu. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, hata makasisi weusi walipopiga kelele akatolewa. Alijiua mwaka wa 1916. Nimezipanga tarehe hizi pamoja kwa sababu kwa kawaida hupangwa mbalimbali, moja katika historia ya mashine, nyingine katika historia ya dhuluma, na msomaji haambiwi kwamba ni uwanja mmoja.

London nayo ilikuwa na gurudumu lake kabla ya hili la leo. Lilijengwa Earl's Court, likafunguliwa mwaka wa 1895, urefu wake mita 94, mabehewa 40. Mhandisi wake Walter Bassett ndiye aliyejenga pia lile la Vienna la 1897, ambalo lipo mpaka leo. Chini ya gurudumu la Earl's Court, mwaka wa 1899, uliletwa mchezo mkubwa uliopewa jina la "Afrika Kusini ya Kishenzi". Waafrika zaidi ya 200 waliletwa wakae katika boma la nyasi na kuigiza, mbele ya watazamaji, vita vya Wamatabele walivyoshindwa miaka michache tu iliyotangulia. Fikiri jambo hilo, msomaji: kushindwa nyumbani, kisha kulipwa ushindwe tena kila siku mbele ya watazamaji, na juu ya kichwa chako mabehewa yanapita. Magazeti yakaanza kunong'ona kwamba wanawake wa Kizungu huzoea mno kuingia bomani, na wakubwa wa maonyesho wakawakataza wanawake kuingia. Mmoja wa waigizaji, aliyejiita Peter Lobengula na kusema kwamba ni mwana wa mfalme Lobengula, alibaki Uingereza, akafanya kazi katika mgodi wa makaa karibu na Salford, akafa huko mwaka wa 1913. Gurudumu lenyewe lilikuwa limekwisha kubomolewa kufikia 1907.

Berlin siwezi kuiruka, ingawa gurudumu halikuwa jambo la kutajwa huko, maana waliotazamwa walikuwa wa kwetu. Mwaka wa 1896, katika bustani ya Treptow, Wajerumani walifanya maonyesho ya makoloni yao, wakaleta watu zaidi ya 100 kutoka Togo, Kameruni, Afrika ya Kusini Magharibi, Guinea Mpya na Afrika ya Mashariki. Kutoka Afrika ya Mashariki walikwenda Waswahili na Wamasai. Tena palijengwa mfano wa Kwikuru, ngome ya mtemi Isike wa Unyanyembe. Isike mwenyewe alikuwa amekufa Januari 1893, alipojilipua kwa baruti ndani ya ngome ile ile asishikwe na Wajerumani. Miaka mitatu baadaye ngome yake ikajengwa upya Berlin, iwe burudani ya Jumapili. Mtaalamu mmoja, Felix von Luschan, alikuja na vipimo vyake apime vichwa na miili ya wageni hao, na wengi wao walimkatalia.

Palikuwapo pale kijana wa Kiduala kutoka Kameruni, Kwelle Ndumbe, aliyejulikana kwa Wajerumani kwa jina la Bismarck Bell. Huyu alijinunulia darubini ndogo, ya zile ambazo mabwana na mabibi huenda nazo kutazama michezo jukwaani. Watazamaji walipokuja kumtazama, naye aliinua darubini yake akawatazama wao. Katika yote niliyosoma juu ya maonyesho hayo sijakuta hoja iliyo kamili kuliko hiyo, wala haikuhitaji neno.

Nilikuwa na mambo hayo kichwani nilipoingia katika chumba cha kioo. Tulikuwa watu kama ishirini: jamaa moja ya Kihindi na bibi yao mzee, vijana wawili wachumba, watalii wa Kichina, na mwanamke mmoja na mtoto wake wa kiume. Hakuna aliyenitazama. Naona ni haki kulisema hilo, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kutazamwa. Kila mmoja alikuwa na simu yake mkononi. Tulipopanda juu ya mapaa, wote wakasogea upande wa juu wa mto, ambako daraja la Westminster linavuka na Bunge la Uingereza limesimama pamoja na mnara wa saa yake. Karibu na Bunge zilionekana paa za Whitehall, ambako kwa miongo mingi Wizara ya Makoloni ilikuwa na ofisi zake. Nami nilisogea upande huo huo. Ila macho yao yaliishia ukingo wa kuume wa daraja, na yangu ukingo wa kushoto.

Hapo ukingo wa kushoto, ukivuka kwa macho paa la County Hall, jengo kubwa lililokuwa makao ya serikali ya jiji, unaiona Hospitali ya St Thomas'. Ni hospitali ya zamani. Ilihamia mahali hapo mwaka wa 1871, na shule ya wauguzi ya Florence Nightingale ilianzishwa chini yake. Humo ndimo alimofariki Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, tarehe 14 Oktoba 1999, kwa maradhi ya saratani ya damu.

Butiama na Suguti ni jirani. Yeye Mzanaki na mimi Mjita, lakini ukiwa London tofauti hiyo ni ndogo kuliko upana wa daraja. Alizaliwa Aprili 1922. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Mfalme George wa Tano alilifungua jengo la County Hall, na mwezi huo huo Shirika la Mataifa likathibitisha kwamba Tanganyika iwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Mtoto wa miezi mitatu, katika nyumba za mtemi Nyerere Burito, alikuwa amekabidhiwa kwa mji asioujua. Historia yake na mji huo ni ndefu, nami sitaieleza yote: masomo yake yalikuwa Edinburgh, 1949 mpaka 1952, na London ikawa mahali pa kupita, kuonana na marafiki wa uhuru, kubishana na wakubwa. Jambo moja tu nalipenda kulikumbusha. Wenzetu wa Kenya na wa Zanzibar waliitwa Lancaster House kujadiliana habari za katiba zao. Sisi hatukwenda, mkutano wetu wa Machi 1961 ulifanyika Dar es Salaam, katika ukumbi wa Karimjee, na waziri wa makoloni ndiye aliyepanda ndege kutufuata. Aliyekataa kuwa mtazamwa wa London alikuja kulala katika kitanda cha London siku zake za mwisho.

Na gurudumu? Katika mwezi ule wa Oktoba 1999 gurudumu lilikuwa likiinuliwa. Vipande vyake vililetwa kwa mashua juu ya mto, vikaunganishwa vikiwa vimelala chali juu ya maji, kisha likavutwa kwa nyaya lisimame, kadiri ya digrii mbili kwa saa, likaachwa limeinama siku kadhaa, likavutwa tena. Mwezi wa Septemba jaribio la kwanza lilikuwa limeshindikana. Hayo yote yalitendeka hatua chache kutoka hospitalini, ng'ambo ya pili ya barabara ya daraja. Sidai kwamba Mwalimu alilitazama. Mgonjwa wa maradhi yale ana mengine ya kutazama. Nasema tu kwamba mji uliokuwa ukisimamisha jicho lake ulikuwa, mwezi ule ule, ukimfumba macho mtu wa Butiama, na watu milioni nyingi waliokwisha kupanda gurudumu hilo wameipita hospitali ile kwa macho bila kujua.

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Nakumbuka redio ya betri ya babu ikiwa juu ya kigoda uani, na sauti ya Rais Benjamin Mkapa ikilitangazia taifa. Babu hakulia. Aliinuka, akaenda zizini, akakaa na ng'ombe mpaka giza. Tarehe 23 Oktoba, siku ya mazishi, tulikwenda Butiama kwa lori, tumesimama kama kuni zilizofungwa. Umati ulikuwa mkubwa hata sikuona jeneza. Niliona migongo ya watu na vumbi. Katika kurudi, mzee mmoja asiyetujua, aliyekuwa ameshikilia chuma cha lori kwa mikono miwili, aliuliza kwa sauti, wala hakumwuliza mtu: "Kwani huku kwetu hakuna kitanda?"

Hakuna aliyemjibu. Babu, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa neno, alitazama barabara.

Swali hilo lina historia. Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakaifungua mwaka wa 1897, mwaka ule ule lilipojengwa gurudumu la Vienna, na ilikuwa kwa ajili ya Wazungu. Baada ya miaka mia hivi, mwaka wa 1996, ilifanywa taasisi ya kutibu saratani kwa taifa zima. Ilikuwa ingali changa Mwalimu alipougua. Na huko kwetu Musoma, mahali paitwapo Kwangwa, hospitali kubwa yenye jina lake ilikaa gofu kwa miongo kadhaa, miti ikiota ndani ya kuta, mpaka ikaanza kupokea wagonjwa katika miaka hii ya karibuni. Nimeipita mara nyingi nikiwa kijana nikidhani ni magofu ya Wajerumani. Haya si makosa ya mtu mmoja, na Mwalimu mwenyewe, aliyetawala tangu uhuru mpaka 1985, hawezi kutolewa katika hesabu hiyo. Nadhani angekuwa wa kwanza kukataa kutolewa. Wenye kusema kwamba kufia ng'ambo ni heshima ya viongozi, na wenye kusema kwamba ni aibu, wote wananiudhi kidogo. Yule mzee wa lori hakusema heshima wala aibu. Aliuliza habari za kitanda.

Chumba chetu kilipofika juu kabisa, yule mtoto wa kiume alimwuliza mama yake kwa nini mtu huyu hapigi picha. Mama akaona haya. Nikamwambia mtoto kwamba natafuta dirisha. "Dirisha gani?" Nikamwonyesha hospitali, nikamwambia kwamba mtu wa kwetu, kiongozi wetu, alifia pale. Akaitazama sana, kwa ule utulivu wa watoto, akauliza kama alikuwa mfalme. Nikasema hapana, alikuwa mwalimu. Hilo halikumridhisha. Alikuwa anataka mfalme. Lakini alibaki karibu nami mpaka tulipoanza kushuka, naye akaanza kuhesabu madirisha kwa kidole juu ya kioo, mpaka mama yake akamwambia asichafue kioo.

Niliposhuka nilivuka barabara ya daraja, nikasimama kwenye njia ya miguu iliyo kati ya hospitali na mto. Wauguzi walikuwa wakitoka zamu. Mmoja wao, kwa uso na mwendo, ningeapa kuwa ni wa pande za kwetu, ila sikumwita. Nikampigia simu baba yangu, Suguti. Babu alikwisha kufariki zamani. Baba aliniacha nieleze gurudumu lote, urefu wake, vioo vyake, nauli yake, bila kutia neno, na kwa nauli akacheka. Kisha akauliza hospitali ile ina ghorofa ngapi, na yeye alikuwa katika ghorofa ya ngapi. Nikamwambia nimehesabu mara mbili nikapata hesabu mbili, na ghorofa ya Mwalimu siijui. Akanyamaza, nikasikia kengele za ng'ombe nyuma yake. Akasema nihesabu tena kabla sijaondoka.